Kinyozi Aliyetorokea Juu

Umeme ulikatika kinyozi akiwa amemaliza upande wa kushoto wa kichwa cha mteja wake na ameanza tu kugusa utosi. Mashine ikakoroma, ikanyamaza. Mteja, dereva wa lori la mchanga asiye na subira hata chembe, akamtazama kupitia kioo akauliza sasa itakuwaje. Kinyozi akamwambia tulia kaka, ngoja nimuulize jirani kama na kwake umekatika, wakati mwingine ni huu waya wangu tu. Akatoka nje na mashine mkononi, waya ukining'inia.

Kwa jirani nako umeme ulikuwa umekatika. Barabarani askari wawili walikuwa wanamkimbiza mwizi wa simu ambaye alishakula kona zamani. Mmoja wao akapaza sauti, "Wewe, simama!" Kinyozi hakudhani anaambiwa yeye, na kwa nini adhani, wakati ana mtu ndani mwenye nusu kichwa? Akageuka arudi kazini. Askari akampiga risasi.

Walimtupia nyuma ya gari lao, wakampeleka hospitali. Dereva aliwafuata na lori lake, kitambaa cha kunyolea bado kimefungwa shingoni, nywele zimemjaa mabegani, huku anampigia simu mama wa kinyozi na kushindwa kumwambia chochote zaidi ya njoo, mama, njoo tu.

Chumba cha dharura cha hospitali ile kina vitanda vya magurudumu, mapazia yasiyofika chini wala juu, na kanuni moja ambayo hata wafagiaji wanaijua: mgonjwa wa risasi lazima ageuzwe. Unaziba tundu unaloliona, halafu watu wanne wanamshika, mmoja kichwani anahesabu, wanamlaza ubavu, daktari anatazama mgongo. Ukiacha kutazama mgongo, unaweza kumshona mtu vizuri kabisa kwa mbele huku anakufia nyuma.

Kinyozi aliingia na tundu kifuani, upande wa kulia, kubwa, kingo zimechanika. Aliingia pia na pingu. Mkono wake wa kushoto ulifungwa kwenye reli ya kitanda, na aliyemfunga ni yule yule askari aliyempiga, ambaye ndiye aliyeachwa amlinde. Hakuna aliyeona ajabu. Askari huyo alikuwa kijana mwenye viatu vilivyong'aa. Akavuta kiti, akatafuta soketi, akachomoa plagi ya mashine ya kunyonya damu, akachomeka chaja ya simu yake.

Muuguzi wa zamu, ambaye wenzake humwita Makasi kwa jinsi anavyochana nguo za majeruhi bila kuuliza zilinunuliwa wapi, aliichomoa chaja ile akaiweka kwenye mapaja ya mwenyewe.

"Simu ina asilimia mbili tu, Sista," askari akalalamika.

"Na huyu unadhani ana ngapi?"

Daktari aliziba tundu la kifuani, akaingiza mpira ubavuni ili damu iliyojaa ndani ipate njia. Ilitoka nyingi. Presha ikaendelea kushuka. Daktari hakuwa mtu wa maneno mengi. Akasema kuna jingine nyuma, tumgeuze. Watu wanne wakajipanga, wakahesabu, wakamvuta, na mkono uliofungwa ukakataa. Ulijikunja mpaka bega likalia. Wakamrudisha chali.

"Afande, fungua hii," Makasi akasema.

"Ufunguo uko kwa mkubwa."

"Na mkubwa yuko wapi?"

"Ameenda kula."

Askari akapiga simu kwa ile chaji iliyobaki. Mkubwa akajibu kwamba asifunguliwe mtu mpaka yeye afike, na kwamba ndiyo kwanza chakula kinaletwa mezani. Makasi akatuma aitwe fundi wa hospitali aje na msumeno akate reli. Fundi alikuja na msumeno, na msimamizi wa majengo akaja nyuma yake, akasema reli haikatwi, ni mali ya umma. Askari akasema na pingu vilevile ni mali ya umma. Kila kitu pale kilikuwa na mwenyewe wa kukitetea isipokuwa kinyozi.

Ni wakati wanabishana ndipo kinyozi alipoanza kupaa. Visigino vilitangulia, vikafuata makalio, halafu shuka iliyokuwa imemganda mgongoni ikabanduka ikaanguka pamoja na shati lililochanwa. Alipanda taratibu, chali vilevile, amefumba macho, mpaka mkono uliofungwa ukanyooka na mnyororo wa pingu ukakaza. Hapo akatulia, juu ya kitanda chake, usawa wa vichwa vya watu.

"Kapungukiwa damu," daktari akasema. "Kawa mwepesi."

"Heri hivyo, tutafanya kazi," Makasi akasema. Akapanda juu ya stuli na chupa ya dripu mkononi, maana dripu isipokuwa juu ya mgonjwa haishuki, na mgonjwa mwenyewe alikuwa ameshaipita ndoano. Chupa ya kupokea damu ya kifuani ilibaki sakafuni, na ilifanya kazi vizuri kuliko siku zote.

Daktari alivua koti lake jeupe, akapanda kitandani, akalala chali kwenye godoro lililolowa, akawa chini ya mgonjwa wake kama fundi gari chini ya lori. Dereva, aliyekuwa amesimama pembeni kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kumfukuza, akamshauri kutokana na uzoefu.

"Funga mdomo, Daktari. Ukiwa hapo chini, chochote kinachovuja ni cha kwako."

Daktari akafunga mdomo. Tundu lilikuwa pale, chini kidogo ya mfupa wa bega, dogo, la duara, ukubwa wa kifungo cha shati, na kila kinyozi alipovuta pumzi lilinyonya hewa kwa sauti nyembamba. Daktari akaliziba. Sauti ikakoma. Baada ya kitambo kifua kikaanza kupanda na kushuka sawasawa.

Kwa kuwa kinyozi alikuwa juu ya mapazia, kila mtu mle ndani aliuona mgongo wake. Aliuona aliyevunjika mguu, aliuona mwenye pumu, aliuona bibi mmoja aliyekuwa amemshika mjukuu mwenye homa. Bibi ndiye aliyesema.

"Mbona huyu kapigwa akiwa ameondoka zake?"

Askari alikuwa anatazama simu iliyokwisha kuzima.

Mama wa kinyozi aliingia na aproni ya jikoni, maana anapika kwenye shule ya bweni na hakuwa amepata nafasi ya kuivua. Hakuuliza mwanawe yuko kitanda gani. Alimwona toka mlangoni. Alikwenda moja kwa moja akamshika mguu kwa mikono miwili, kama alivyomshika utotoni alipokuwa anajifunza kupanda baiskeli, akasema mguu ni wa baridi, leteni kitu cha kumfunika. Makasi akampa blanketi. Mama akalirusha juu, likamfunika mwanawe vizuri, likaning'inia pande zote.

Kisha akamtazama yule aliyekaa kwenye kiti.

"Wewe ndiye uliyempiga mwanangu?"

"Mama, mimi niko kazini."

"Na yeye alikuwa kazini."

Askari akasema mshukiwa alikuwa na kitu cheusi mkononi na alikuwa anamjia. Alisema bila kupepesa macho, chini ya ule mgongo wenyewe. Dereva alivuta pumzi, akashika kichwa chake pande zote mbili, upande wenye nywele na upande usio na nywele.

"Kitu cheusi ni mashine ya kunyolea, wewe! Na hiki ni nini? Nimejinyoa mwenyewe hivi? Alikuwa anarudi kwangu!"

"Wewe utaandikisha maelezo kituoni," askari akasema.

"Naandikisha sasa hivi, bega kwa bega na wewe."

"Utaitwa."

Mama akainama mpaka uso wake ukawa karibu na wa daktari, aliyekuwa bado amelala pale chini ameshikilia pamba.

"Daktari, mwanangu. Risasi imeingilia wapi?"

"Ana matundu mawili, mama. Moja mgongoni, dogo. Moja kifuani, kubwa."

"Nina macho, nimeyaona. Nakuuliza imeingilia lipi."

Daktari aliikandamiza pamba. Tone la damu likamwangukia kwenye paji la uso, hakulifuta.

"Sisi huku hatusemi hivyo, mama. Tumefundishwa tuseme tundu, mahali lilipo na ukubwa wake, basi. La kuingilia na la kutokea wanasema wataalamu wa mahakamani. Nikikosea hapa, huko wataniumbua, na kesi ya mwanao itaanguka na mimi."

"Na kama hujakosea?"

"Hata kama sijakosea."

"Unajua au hujui?"

"Mama, mimi sasa hivi naokoa maisha yake."

Hilo lilikuwa kweli, na mama alilijua, kwa hiyo akameza alichotaka kusema. Alikunja mkono wa blauzi, akamwambia Makasi achukue damu yake yote kama inafaa. Dereva naye akakunja mkono. Benki ya damu haikuwa na kitu, kama kawaida yake, lakini hawa wawili damu zao zilikubali. Makasi akapanda tena kwenye stuli.

Damu ilipoingia kinyozi akaanza kushuka. Alishuka kidogo kidogo, daktari akateremka kumpisha, na ilipomwingia ya mama yote na ya dereva yote alikuwa amefika kiasi cha mkono mmoja kutoka kwenye godoro. Hapo akagoma. Daktari akabonyeza kifua kwa kiganja, taratibu, naye akazama kidogo, akarudi pale pale. Daktari akasema panatosha, hata kwenye meza ya upasuaji tutamshona hivi hivi, mgongo utakuwa wazi.

Ndipo mkubwa alipofika na ufunguo. Alikuwa bado anachokonoa meno. Akamtazama kinyozi, akatazama nafasi kati yake na godoro, akamwita askari wake kando, lakini sauti yake haikuwa ya kando.

"Alipanda?"

"Alipanda, afande."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Hakuomba ruhusa."

"Akiwa chini ya ulinzi?"

"Chini ya ulinzi, afande."

"Basi hilo ni kosa lingine," mkubwa akasema. "Jaribio la kutoroka." Akaifungua pingu ili mgonjwa apelekwe upasuaji, na akasubiri nje ya mlango ili aifunge tena akitoka. Shati la kinyozi, ambalo Makasi alilichana mbele na mikononi tu, mgongoni likabaki na tundu lake dogo, lilichukuliwa kama kielelezo. Huko lilikokwenda halikuonekana tena.

Kinyozi alipona. Wodini alielea juu ya kitanda chake wiki baada ya wiki, na wauguzi walifurahi kwa sababu hakupata vidonda vya kulalia na kumbadilishia shuka ilikuwa kazi nyepesi. Feni ya dari ilizimwa, wenzake wakalalamika joto, wakazoea. Mama alikuja kila siku akitoka shuleni. Alimlisha kwa kijiko akiwa amesimama. Siku aliyoweza kuzungumza, kinyozi aliuliza kuhusu mteja wake.

"Bado hajanyolewa upande wa pili," mama akasema. "Anasema hanyoi mpaka polisi wamuulize."

"Atachekwa."

"Anachekwa. Amesema wacheke tu."

Hakuna aliyekuja kumuuliza dereva chochote. Alikwenda kituoni mwenyewe, akaambiwa mwenye faili hayupo, akaenda tena, akaambiwa faili limehamishwa. Alibeba mchanga na kokoto akiwa na kichwa kile, akaenda nacho msibani, akaenda nacho kwenye posa ya mtoto wa dada yake, na wakwe walipoguna aliwaeleza habari yote kuanzia umeme ulipokatika. Nywele za upande ulionyolewa zilipoanza kuota alizinyoa kwa wembe, asije mtu akasema hakuna tofauti.

Kesi ilipoitwa, ya kumshambulia askari na kujaribu kutoroka, kinyozi alipelekwa mahakamani akiwa na mnyororo mrefu kiunoni. Mwezi wa mwisho, alipohamishiwa mahabusu, alikuwa amekonda, na kila alipokonda alipanda. Kizimbani alielea juu ya ubao wa kuegemea, kichwa kikiwa karibu na taa, na upepo wa dirishani ukawa unamgeuza, mara uso kwa hakimu, mara mgongo. Kovu la nyuma lilikuwa dogo, la duara. Lilionekana kutoka viti vya mwisho kabisa.

Hakimu alilitazama. Alilitazama kwa muda mrefu hivi kwamba mama, aliyekaa mstari wa mbele, aliacha kupumua. Kisha akaagiza madirisha yafungwe ili mshtakiwa atulie akiikabili mahakama. Karani akayafunga. Kinyozi akatulia, uso mbele.

Askari alisema yale yale ya hospitali. Daktari aliitwa, akasimama wima, amevaa tai. Mwendesha mashtaka akamuuliza aliona nini.

"Matundu mawili."

"Uliandika popote kwamba moja ni la kuingilia?"

"Hapana. Sisi hatuandiki hivyo."

"Ulimwona mgonjwa akipanda juu akiwa na pingu?"

"Nilimwona. Alikuwa amepungukiwa damu."

"Sikukuuliza sababu, Daktari. Alipanda au hakupanda?"

"Alipanda."

"Asante."

Daktari alibaki pale kidogo, kama mtu aliyesahau kitu. Akafungua mdomo, akatazama juu, kwa kinyozi. Hakimu akamwambia anaweza kwenda kuwahi wagonjwa wake. Akaenda. Alipompita mama aliinamisha kichwa, na mama akageuza uso. Alikuwa amemwokolea mwanawe, na mama hakuweza kumsamehe. Yote mawili yalikuwemo ndani yake kwa pamoja, na yalimuumiza.

Dereva aliinuka bila kuitwa. Alivua kofia kwa heshima, na mahakama nzima ikaangua kicheko. Hakimu akagonga meza, akamuuliza ana maana gani kuingia mbele ya sheria na kichwa kama kile, akanyoe kwanza ndipo arudi kuzungumza.

"Mheshimiwa, nitanyoaje?" dereva akasema. "Kinyozi wangu ndiye huyo hapo juu."

Akatolewa nje.

Hukumu ilikuwa fupi. Shtaka la kumshambulia askari halikuthibitika, kwa kuwa silaha haikupatikana, na hakimu alisema mshtakiwa ashukuru. Jaribio la kutoroka lilithibitika, tena mshtakiwa alikuwa anaendelea nalo mbele ya macho ya mahakama. Miaka miwili. Mama alisimama. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watoto mia wakale, kwamba mwanangu kapigwa mgongoni, nyote mmeona, na nyote mnajua kuwa mmeona. Hakuna aliyebisha. Karani alimwomba akae, mama, tafadhali, kuna kesi nyingine.

Gereza liko umbali mfupi kutoka mahakamani, na gari la wafungwa lilikuwa na paa la chini mno kwa kinyozi, kwa hiyo walimpeleka kwa miguu. Yaani wao kwa miguu. Aliyekabidhiwa mnyororo ni askari yule yule wa viatu vinavyong'aa, ambaye sasa alikuwa na tepe mpya begani. Alitembea mbele ameshika mnyororo, na kinyozi alimfuata juu, shati la mahabusu likipeperuka na kuuacha mgongo wazi kwa mtaa mzima. Mama alitembea chini yake. Wauza vocha walitazama juu, wakaona kovu, wakasema kumbe alipigwa akiwa amegeuka. Fundi viatu alisema hivyo. Wanafunzi walisema hivyo. Mama alimjibu kila mmoja, ndiyo, akiwa amegeuka, ndiyo, akirudi kazini, na kila mmoja alisikitika kwa dhati, akarudi kwenye shughuli yake.

Getini askari magereza alifungua mlango mdogo, ule wa watu, akaanza kuuvuta mnyororo ndani. Kinyozi alishuka kwa jinsi alivyovutwa, akanyoosha mkono, mama akaugusa kwa ncha za vidole. Kichwa chake kilikuwa kinaelekea kugonga chuma cha juu ya mlango. Askari wa viatu vinavyong'aa aliona. Alikimbia, akaweka kiganja chake kati ya chuma na kichwa cha kinyozi.

"Polepole, jamani," akawaambia walio ndani, amekasirika kweli. "Mtamuumiza mtu."